Jicho linalotiririka baada ya upasuaji wa pua: yaliyonikuta

Dada, umeuliza kama ni kawaida jicho la shemeji kutiririka machozi wiki tatu baada ya kutolewa vinyama puani. Nimepitia hayo hapa Nairobi, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Wiki za mwanzo huenda ni uvimbe tu, na ukishuka machozi hukatika yenyewe. Yangu hayakukatika. Nikikaa dirishani kwenye matatu ya kutoka Ngara, upepo ukinipiga, jicho la kulia lilimwaga hadi kola ikalowa. Mama mmoja aliwahi kunipa pole ya msiba. Asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Nilipewa matone ya mzio, chupa baada ya chupa, miezi miwili mizima, na hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kupasuliwa pua. Hilo bado linaniuma.

Machozi huingia kwenye vitundu viwili vidogo vya kope, kwenye kona ya upande wa pua, yakashuka kwa mfereji unaopita ndani ya mfupa hadi puani. Mfereji huo uko milimita chache tu mbele ya mlango wa sainasi ya shavuni, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu. Wakati wa kutoa vinyama, mlango huo ukipanuliwa kupita kiasi kuelekea mbele, mfereji unaweza kujeruhiwa, kisha kovu likauziba.

Aliyenifumbua ni daktari wa macho. Alitia sindano butu kwenye kitundu cha kope ya chini, akasukuma maji ya chumvi taratibu. "Unasikia chumvi kooni?" Sikusikia kitu. Maji yalirudi kwa kitundu cha juu, yakanitiririka shavuni. Ombeni kipimo hicho, ni cha dakika chache. Na aliyempasua pua aelezwe wazi, asifichwe.

Mimi nilifunguliwa njia mpya kutoka kifuko cha machozi hadi puani, upasuaji ambao daktari Mwitaliano, Toti, aliueleza tangu 1904. Nikawekewa mrija laini wa silikoni, ukakaa miezi mitatu, na kupenga kwa nguvu nikakatazwa.

Ila kona ya jicho ikivimba, ikawa nyekundu na kuuma, au akipata homa, msingoje kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata iwe usiku, maana maambukizi ya hapo yanaweza kuenea hadi nyuma ya jicho.

Mrija ulipotolewa nilipimwa tena kwa maji yale yale. Chumvi ilifika kooni kabla daktari hajauliza.