Kisukari hupanua mshipa wa figo, diklofenaki huubana: mbona havisawazishani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa 12 wa kisukari. Anatumia metfomini ya sukari, losatani ya presha na kidonge cha kupunguza maji. Goti lilimsumbua, akanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, na kuimeza siku 9. Katikati akaharisha siku mbili. Kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinachuja vipi, ikapanda kutoka 96 hadi 171. Nimesoma kwamba kisukari hupanua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, na diklofenaki huubana. Si vingesawazishana?

JIBU: Marahaba. Ulichosoma ni kweli, ila upanuzi huo ni habari ya miaka ya mwanzo ya kisukari, na mama huenda ameshavuka hapo.

Kila figo ina machujio karibu milioni moja. Kila moja lina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa, na presha iliyo kati yake ndiyo inayosukuma maji na taka kwenda kwenye mkojo. Sukari ikizidi, mirija ya figo huirudisha mwilini pamoja na chumvi. Chumvi kidogo tu ndiyo inayofika kwenye kihisio kilichopo mbele, nacho hudhani uchujaji umepungua, kikafungulia damu zaidi. Chujio likibeba presha hiyo miaka mingi huanza kuvujisha protini, mengine hukakamaa na kufa, na kuta za mishipa yote miwili huwa nene. Yaliyobaki hubeba kazi ya yote.

Hapo ndipo prostaglandini zinapokuwa muhimu: ni kemikali za mwili ambazo kwenye goti huchangia maumivu, na kwenye figo hupanua mshipa wa kuingiza damu. Kijana mwenye afya, aliyekunywa maji, hazitegemei sana, ndiyo maana humeza diklofenaki kwa ajili ya jino na kwa kawaida figo zake hazitetereki. Lakini maji yakipungua mwilini, homoni za dharura hubana mishipa, na prostaglandini ndizo zinazouacha wazi mshipa wa kuingiza. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini huzuia mwili usizitengeneze. Mwanasayansi wa Uingereza John Vane alionyesha utendaji huo kwa aspirini mwaka 1971. Dawa hizi zinapozuia prostaglandini kwenye goti, huzizuia na kwenye figo.

Sasa mtazame mama. Losatani ililegeza mshipa wa kutoa (siku za kawaida hilo humlinda, kwa kupunguza presha ndani ya chujio). Kidonge kilipunguza maji, kuharisha kukapunguza tena, diklofenaki ikabana pa kuingilia. Presha ya kuchuja ingetoka wapi?

Tena damu inayotoka kwenye chujio ndiyo inayolisha mirija ya ndani ya figo, ambako oksijeni ni chache hata mtu akiwa mzima. Kwa hiyo kubana kwa diklofenaki hakulipumzishi chujio kwa usalama, kunainyima mirija damu. Wazo lako la kusawazisha limefanikiwa kwingine: dawa za kisukari dapagliflozini na empagliflozini huzuia mirija isirudishe sukari na chumvi, kihisio kikapata taarifa sahihi, presha ya chujio ikashuka. Kazi ya mirija hupungua, na prostaglandini zinabaki. Dawa hizo mbili nazo husimamishwa kwa muda mgonjwa akiharisha au kutapika.

Diklofenaki aache, na leo hii mpigie daktari wake kuhusu vidonge vile vitatu, kwani metfomini nayo hutolewa na figo na huweza kujikusanya. Asiache losatani kwa kudumu kwa uamuzi wake. Kreatinini irudiwe ndani ya siku chache, pamoja na potasiamu, na baadaye albumini (protini) ya mkojo. Mara nyingi figo hurudi, kabisa au kwa sehemu, dawa ikiachwa mapema.

Kwa goti, parasetamoli kwa kipimo sahihi na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Jeli ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana, lakini asubiri kreatinini itulie kwanza. Akishauriwa kuchomwa sindano ya diklofenaki akatae: ni dawa ileile, na kupitia kwenye msuli hakuipunguzii nguvu yake kwenye figo.