Re: ramani za kale na historia ya mtaa wetu Ng'ambo

Umeuliza kama ramani za kale zinasaidia kujua historia ya mtaa wetu Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar. Zinasaidia sana ndugu yangu, anza na ile ramani ya mwaka 1892, pale Darajani utaona maji kabisa, ule mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili, ndo maana kukaitwa Ng'ambo na pakawa na daraja, saa hizi maji yameshafukiwa zamani watu wanauza samaki na viazi juu yake, we acha tu. Afu chukua picha ya setilaiti uiweke juu ya hiyo ramani, misikiti na makaburi ndo alama za kulinganishia hizo mbili maana nyumba za udongo zilishavunjwa, hasa Michenzani walipojenga yale maghorofa. Printi kubwa umpelekee bibi mmoja wa mtaani, atakutajia vichochoro ambavyo mchoraji hakuviandika.