Maswali na majibu: Unataka kuchekesha? Anza na daftari

Tangu niandike hapa kwamba vichekesho vyangu vya kwanza niliviandika nyuma ya daftari la madeni la duka la shemeji, maswali hayakauki. Leo najibu yale yanayojirudia zaidi.

Kijiweni navunja watu mbavu. Nilipopewa maiki nikaganda. Tatizo nini? (Msomaji, Mbagala)

Kijiweni hujawahi kuanzia mwanzo. Ukisema "jana yule jamaa wa chipsi na pikipiki yake," nusu ya kazi imekwisha, maana jamaa wanamjua na pikipiki wameshaisukuma wenyewe. Ukumbini hakuna anayemjua. Inabidi umlete kwa sentensi mbili, anafananaje na anadaiwa na nani, ndipo umwangushe mtaroni.

Halafu sisi tumelelewa na maigizo. King Majuto alikuwa akitokeza tu mlangoni, hajafungua mdomo, watu wameshaanza kucheka, na ndani yupo mtu wa kumjibu. Kwenye stendapu, yaani kuchekesha ukiwa peke yako na maiki, mlango huna, wa kukujibu huna. Una maneno uliyoyapanga nyumbani, basi.

Nikishika kalamu hakuna kinachokuja. Naandikaje? (Msomaji, Dodoma)

Usitafute kichekesho, andika kinachokukera. Msomaji mmoja alinitumia hiki, akaniruhusu nikifanyie upasuaji hadharani:

"Jana niliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la michango ya harusi ya mtu ambaye simfahamu kabisa, wanasema tulisoma naye shule ya msingi, nikashangaa sana, wakaniambia kadi ni laki moja, nikazidi kushangaa maana hata nauli sina."

Jambo lipo, tena zuri. Ila ameshangaa mara mbili kabla sisi hatujapata nafasi ya kushangaa. Na habari ya kukosa nauli, nani hana? Chimba kinachouma hasa: yeye hawajui, lakini wao wanamtegemea. Tukikata tunabaki na hiki:

"Nimeingizwa kwenye grupu la harusi. Bwana harusi simjui. Bibi harusi simjui. Naangalia orodha ya ahadi, jina langu lipo namba mbili. Namba moja ni baba mzazi."

Hapo nyamaza. Wakicheka, ongeza mkia: "Mama mzazi bado hajaahidi. Anasubiri aone mimi nitatoa ngapi."

Mkia ni wa bei rahisi kuliko kichekesho kipya, kwa sababu watu tayari wako ndani ya lile grupu pamoja nawe. Mimi sihami kwenye habari moja mpaka niwe nimeijaribishia mikia mitatu minne. Mingi inabuma, naifuta.

Na angalia neno la mwisho. Ukiandika "baba mzazi ndiye namba moja kwenye orodha hiyo niliyoiona," umekiua mwenyewe, maana kicheko kimeanza na wewe bado unaongea. Hapa Kiswahili kimetupendelea, kwa vile jina linatangulia na maelezo yake yanafuata. Panda useme, "Leo nimekuja na mke." Tulia. Waache wapige makofi, wakutafutie huyo mke kwa macho. Kisha malizia: "Wa mtu."

Naruhusiwa kutafsiri vichekesho vya Trevor Noah? (Msomaji, Kibaha)

Hapana, ni wizi. Tena ni wizi usio na faida, kwa sababu ukitafsiri, lile neno la kulipua linatua katikati ya sentensi na kufia humo. Yeye alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1984, mama Mxhosa, baba Mswisi, wakati sheria ilikataza wawili hao hata kuwa pamoja. Akaandika hayo. Wewe umezaliwa Kibaha. Kibaha hakuna mambo?

Vichekesho vya makabila vipi? Naogopa kutukana watu. (Msomaji, Mwanza)

Uoga wako una maana, usiutupe. Utani ni stendapu ya mababu. Msiba ukiwa kwa Mzaramo, mtani wake Msukuma anaweza kuja akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyetarajiwa kushika jembe kaburini, na kesho zamu ya kutaniwa ni yake. Haki yake ilikuja na kazi. Wewe ukumbini hujamchimbia mtu kaburi.

Kwa hiyo anza na kwenu. Mimi Mpare, na dakika zangu mbili za kwanza zilikuwa za mzee aliyeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wachaga walipocheka, nikawageukia. Wakati huo nilikuwa nimeshajilipia nauli.

Na siasa? (Msomaji, Nairobi)

Unauliza ukiwa Nairobi? Kundi la wachekeshaji la Redykyulass lilimwigiza Moi akiwa bado Ikulu, na mmoja wao, John Kiarie, mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Gusa, ila uwe na kichekesho mkononi. Kumtaja kiongozi kwa sauti ya ukali hakuchekeshi peke yake.

Wasipocheka nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

Endelea na kinachofuata, usiwagombeze. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda kwenye baa moja jioni ya Simba na Yanga. Mwenye baa alikuwa amezima sauti ya televisheni kwa heshima yangu, picha akaiacha, nyuma ya kichwa changu. Dakika ya tatu watu wakainuka wote, meza zinapigwa, bia zinamwagika. Nikainama kushukuru. Nilipoinuka nikaona wamenipa mgongo wanakumbatiana. Lilikuwa goli.

Usiku ule nilisikiliza nilichokuwa nimekirekodi kwa simu. Kabla ya goli kulikuwa na vicheko viwili, vyote mahali ambapo sikuvitegemea. Vile viwili ninavyo mpaka leo. Rekodi kila unapopanda, hata ikiwa aibu tupu.

Niandike dakika ngapi? (Msomaji, Arusha)

Tano. Ukipewa tatu, usizidishe hata sekunde. Anayepanga wachekeshaji huwakumbuka sana wanaong'ang'ania maiki.

Niache kazi nijikite kwenye vichekesho? (Msomaji, jina na mji ameomba nivifiche)

Usiache. Barua yako ina kurasa nne, tatu na nusu ni za bosi wako. Dakika tano zako ndizo hizo.