Mama wa Wamakonde alichongwa akiwa amesimama

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza kama hadithi za kale na dini zinaonyesha jinsi jamii inavyomtazama mwanamke na mwanamume. Zinaonyesha, ila wengi wetu tunaishia njiani kabla hadithi haijakwisha.

Mimi ni mwanamke wa Kimakonde, wa Newala, Mtwara. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika huku mwaka 1906 aliandika simulizi ya asili yetu Wamakonde. Kiumbe mmoja aliishi peke yake porini, haogi wala hanyoi. Siku moja akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha juani karibu na makazi yake. Kesho yake jua lilipochomoza, sanamu imekuwa mwanamke, akamwoa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwenye mto Ruvuma, mfu. Wa pili bonde la Mbwemkuru, naye mfu. Wa tatu alizaliwa huku juu Mahuta, akaishi.

Wanaume wanapenda kuishia kwenye kuchonga: si unaona, mke ni kazi ya mkono wa mume! Lakini simulizi inaendelea. Wafu wetu Wamakonde walizikwa wakiwa wima kwa kumkumbuka mama huyo aliyesimamishwa juani, na ukoo wetu ukahesabiwa kwa mama.

Hata midimu, ngoma yetu ya vinyago, ambayo siri yake wanawake tulikatazwa kuijua, ina mchezaji wa kiume anayejifunga kifuani ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba. Siri ni yao, tumbo ni letu.

Dini nazo tunazisikiliza nusunusu. Katika Biblia, Hawa ndiye anayeanza kula tunda. Katika Kurani, sura ya Al-Aaraf, shetani anawahadaa wote wawili, na wote wawili wanasema, "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Mbona basi nimesikia Waislamu wenzangu wakimtupia Hawa peke yake lawama? Hilo halikutoka kwenye aya, limetoka kwetu.

Uchungu zaidi uko kwenye mirathi ya mikorosho. Wapwa wanashika mila ya ukoo wa mama ili wachukue shamba la mjomba. Watoto wa kiume wanashika dini, wapate mara mbili ya dada zao. Mjane, aliyepalilia na kuokota korosho miaka yote, akitaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, anaambiwa ameleta mambo ya mjini.