Castiel alimpenda Dean, ndiyo maana alimficha ukweli

Ndugu uliyeuliza kama malaika Castiel alimpenda kweli rafiki yake Dean, mwindaji wa mashetani, ilhali katika msimu wa 6 wa tamthilia ya Kimarekani Supernatural alimficha mapatano yake na Crowley, mfalme wa Jehanamu: alimpenda, na uongo ulianzia hapo hapo.

Rudia ile sehemu ambayo Castiel mwenyewe anasimulia. Malaika mkuu Raphael anataka kuirudisha kiyama, vita vya mbinguni vimemwelemea, naye anaenda kumwomba Dean msaada. Anamkuta uani akikusanya majani kwa reki. Anasimama pale bila kuonekana, anamtazama mtu aliyeteseka miaka yote ambaye sasa ana nyumba, mwanamke na mtoto wa kulea. Anashindwa kumsumbua. Crowley anamtokea palepale, na baadaye anamkopesha roho 50,000 za kumpa nguvu vitani.

Wengi wanamlaumu kwa kushirikiana na Crowley. Kwangu mimi mambo yaliharibika kabla, alipoamua peke yake kwamba Dean asiulizwe. Huruma ile ina kiburi ndani.

Hili nalijua. Baba alipofariki, hapa Bukavu, yaya wetu mkubwa, yaani ndugu yetu mkubwa, aliweka rehani kiwanja chetu cha Kadutu ili mimi nimalize chuo. Hakuniambia. Jioni moja, tukila ugali, akaropoka habari ya riba ya mwezi. Mama aliacha kutafuna. Kiwanja tulikikomboa, namshukuru Mungu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kila nilipomuuliza alinijibu "mambo sawa, soma tu". Ningeacha masomo mwaka mmoja nikatafuta kazi, na ningefanya hivyo kwa moyo mweupe. Uamuzi ule ulikuwa wangu pia.

Kwa hiyo naielewa sura ya Dean pale Castiel anapojitetea na kumtaja Superman, mfano ambao akina Dean waliutumia faraghani tu. Neno moja, na wanajua kwamba amekuwa akiwasikiliza kwa siri. Halafu wanamzungushia moto wa mafuta matakatifu, ambao malaika hawezi kuuvuka, na Dean anamwambia amtazame machoni akane kwamba anashirikiana na Crowley. Castiel anageuza macho.

Wanaosema waandishi walimharibu mwishoni mwa msimu, anapozimeza roho za toharani na kujitangaza Mungu, mimi siwaungi mkono. Ni yule yule wa uani, anayeamua peke yake kwa niaba ya wote, ila sasa ana nguvu za kuwalazimisha.