Jibu: GGT ya panya na GGT ya baba mdogo

Mkuu, umeuliza kwa nini panya waliopewa kemikali ya kuleta saratani ya ini hupanda GGT (kimeng'enya kinachopimwa kukagua ini) kabla uvimbe haujaonekana, na kama GGT ya juu ya baba yako mdogo kule Kondoa ina maana hiyohiyo.

La pili kwanza: hapana. Pombe, dawa za kifafa au njia ya nyongo kuziba, vyote huipandisha. Daktari amwone, ampime na homa ya ini B.

Turudi kwa panya. Ini la panya mzima lina GGT kidogo sana. Mpe dayethilinitrosamini, kemikali ya kuleta saratani ya ini, na wiki kadhaa baadaye utakuta visiwa vidogo vya seli vyenye GGT nyingi pamoja na glutathioni S-transferasi ya aina ya kondo, kimeng'enya cha kuondoa sumu. Humohumo glukosi-6-fosfatasi, kimeng'enya kinachosaidia ini kuachia sukari kwenye damu, hushuka. Yaani seli imepunguza kazi za ini huku ikijikinga na sumu; jirani zake wanadhoofika, yenyewe inagawanyika. Ila visiwa vingi hurudi hali ya kawaida, kwa hiyo kwenye ripoti yako usiviite saratani.

Kwetu huku mimi ningeogopa zaidi sumukuvu, sumu ya ukungu ya kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hata panya wa maabara hudhurika nayo vibaya, wakati kipanya (ile spishi ndogo ya panya) aliyekomaa huistahimili, maana glutathioni S-transferasi yake huidaka upesi.

Na vimeng'enya hivyo vya panya wako vipime kwenye tishu ya ini, usitegemee damu tu.