Fundi anajibu: Taa ya eabegi si ya kuzimwa

Taa ya eabegi inawaka muda wote kwenye dashibodi. Fundi wa mtaani anasema ataizima kwa elfu ishirini. Nimkubalie? (Tabata)

Usimkubalie. Swali hili naletewa karibu kila wiki, na jibu halijabadilika. Taa ikiganda, maana yake mfumo umegundua hitilafu, na siku ya ajali eabegi, yaani ule mfuko wa hewa wa kukukinga, unaweza usifunguke kabisa. Mara nyingi chanzo ni kidogo: soketi ya njano chini ya siti imelegea baada ya kuosha gari ndani, au ule waya bapa unaozunguka ndani ya usukani umekatika. Pima kwa kompyuta, tengeneza kilichoharibika, taa itazimika kihalali.

Anayenunua gari mkononi mwa mtu naye asikilize. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi iwake sekunde chache, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa au amekata waya. Ikizimika sekunde ileile na taa ya oili pale injini inapowaka, shuku kwamba wameziunganisha.

Miezi michache iliyopita nilifungua usukani wa Noah ambayo mwenyewe aliambiwa haijawahi kugongwa. Nyuma ya kile kifuniko chenye nembo hapakuwa na mfuko. Palikuwa na kipande cha sponji kilichobandikwa kwa gundi, na kwenye soketi ya njano wamechomeka rezista, kijidude cha umeme kidogo kama punje ya mchele, ili kompyuta idhani mfuko upo. Familia ya watu sita ilikuwa imeshaenda nayo Moshi na kurudi, mara mbili. Aliyefanya kazi ile alijua anachokifanya, na kwangu mimi huo si ufundi, ni kuuza roho za watu.

Betri ya rimoti imekufa na gari langu ni la kuwasha kwa kitufe. Nivunje kioo? (Kigamboni)

Hapana. Ndani ya rimoti nyingi kuna ufunguo wa chuma, uchomoe ufungue mlango. Kisha kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza. Magari mengi ya Toyota yanafanya hivyo, kwa sababu chipu iliyo ndani ya rimoti haihitaji betri ikiwa karibu. Na usiku usiiweke rimoti mezani karibu na dirisha au mlango. Wezi wenye vifaa hudaka mawimbi yake na kuyapeleka hadi kwenye gari, likafunguka na kuwaka kama vile umesimama pale. Iweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kisha jaribu kufungua gari kopo likiwa mkononi. Likikataa kufunguka, kopo linafaa.

Nasikia eabegi za Takata zinaua. Niziondoe? (Tanga)

Zimeua kweli. Kampuni hiyo ya Japani ilitumia amonia naitreti kujaza mifuko, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya kulipuka inapasua kasha lake la chuma, na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake ziliitwa zirudishwe eabegi takriban milioni 67. Wewe uko Tanga, kwenye joto na unyevu wa pwani, na magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Lakini usimpe mtu wa mtaani aifungue kwa bisibisi, maana ile ni baruti. Chukua namba ya chesisi, nenda kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, uulize kama limo kwenye orodha.

Kifaa cha GPS cha kuzima gari kwa simu kinafaa? (Mbeya)

Cha kujua gari lilipo kinafaa sana. Cha kuzima, kifungwe kwa namna ya kulizuia lisiwake tena likishasimama. Ukilizima likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito ghafla, na ukishakanyaga breki mara mbili tatu nazo zinakuwa ngumu. Mwizi anayeshuka nalo mlima bila usukani atamgonga mama anayeuza ndizi pembeni, na kitufe kilibonyezwa na wewe.

Nikikanyaga breki kwa nguvu pedali inatetemeka. Nitoe fyuzi ya ABS? (Morogoro)

Uache fyuzi ya watu. Kutetemeka huko ndiyo kazi yenyewe: mfumo wa ABS unashika na kuachia tairi mara nyingi kwa sekunde ili zisigande, nawe ubaki na uwezo wa kukata kona. Kanyaga, shikilia, elekeza usukani. Ikitetemeka hata ukikanyaga polepole, hapo kagua diski na sensa za magurudumu.

Nimenunua kile kichuma cha kuchomeka kwenye kufuli ya mkanda, alamu inyamaze. Kina madhara? (Mikocheni)

Kitupe leo. Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Zawadi ya namna hiyo inakuja ndani ya gari lako, halafu wewe unatoa hela kwenye foleni kununua kitu cha kuikataa! Na eabegi haichukui nafasi yake. Inafunguka kabla hujamaliza kupepesa jicho, na asiyefunga mkanda inamkuta ameshatupwa mbele, inampiga badala ya kumpokea. Hata aliyefunga, kifua chake kikae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani.

Mtoto wangu wa miezi minane hulia akiwekwa nyuma, kwa hiyo nampakata siti ya mbele. Kuna ubaya? (Ukonga)

Mama, upo, na ni mkubwa. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo tisa anavuta kwa nguvu ya mzigo unaozidi gunia la mahindi. Hakuna mikono inayoweza kulishika. Atakutoka, au utambana kati yako na dashibodi, na eabegi ya abiria itamfungukia kichwani. Kumfunga pamoja nawe kwenye mkanda mmoja ni vibaya zaidi, uzito wako wote utamlalia.

Tafuta kiti cha mtoto, hata cha mtumba, mradi kina mikanda mizima na unajua hakijapata ajali. Kifungwe siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma, kisitikisike ukikisukuma kwa mkono. Kamwe kisiwekwe mbele kikitazama nyuma penye eabegi inayofanya kazi. Na akilia, mtu mzima akae naye huko nyuma amshike mkono.

Mpaka kiti kipatikane, safari isiyo ya lazima aikose.